Ngazi Tuliyoifagia

Kazi yangu ni kuwaambia watu haki zao. Ofisi yetu iko Muhumba, hapa Bukavu, vyumba viwili na veranda, na tunachotoa ni vijitabu: ufanye nini ukigongwa na pikipiki, ufanye nini mwanao akishikwa na waya wa umeme uliolala chini, umwendee nani, uombe karatasi gani. Jumapili naitwa parokia hii au ile, nasimama mbele ya watu baada ya misa, nasoma. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu niliuandika mimi mwenyewe: Usiguse kitu. Piga picha. Ngoja afisa afike. Nimeusoma mara nyingi hata nikiamshwa usingizini ninaweza kuusema. Ninatanguliza haya ili msomaji asije akanionea huruma.

Mama yangu anakaa Cimpunda, kule ambako nyumba zimepandana mlimani na bati la jirani wa chini liko usawa wa mlango wako. Kutoka kwake kwenda barabarani kuna ngazi moja tu, ya mawe na udongo, na mteremko mzima unaitumia: wanafunzi, wachota maji, wabeba makaa, majeneza. Mama ni mshonaji. Ana cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na kwa zaidi ya miaka thelathini amewashonea akina mama wa mtaa sare za vitenge za sikukuu za kanisa. Cherehani ya umeme aliikataa. Umeme wa Cimpunda, alisema, ni mgeni asiye na adabu, unakuja ukitaka na kuondoka bila kuaga.

Juu ya nyumba yake alikuwa anajenga mzee mmoja, mfanyabiashara wa magodoro, mwenzetu wa shirika. Shirika kwetu ni ile jumuiya ndogo ya kanisa, nyumba ishirini au thelathini zinazosali pamoja, zinazozikana na kugombana pamoja. Mzee alikuwa anaongeza ghorofa. Alichimba mlima ili apate nafasi, na mawe aliyoyatoa akayarundika ukingoni, juu kabisa ya ngazi, bila ukuta wa kuyazuia, bila hata kamba. Methali ya ufa na ukuta Bukavu nzima inaijua, na Bukavu nzima inajenga ukuta.

Mama alimwambia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye ngazi yenyewe, mimi nikiwepo, nimebeba mfuko wa unga.

"Papa, haya majiwe itatuangukia siku moja."

"Maman, usiogope. Tutapandisha mur juma hii."

Mur, yaani ukuta, haikupandishwa. Mara ya pili alimwambia nje ya kanisa, kitabu cha nyimbo kikiwa bado mkononi. Mara ya tatu alikwenda na shefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa wetu, wakasimama wote watatu chini ya yale mawe. Shefu aliyatazama akasema ni kweli, mawe ni mengi. Mzee akasema simenti imekwisha kuagizwa. Wakaagana kwa heshima, kila mtu akarudi kwake, na mvua zikaanza.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, na mama alikuwa anashuka kupeleka sare nne alizozifunga ndani ya kitambaa. Alisikia sauti, alisema, kama ya mtu anayemwaga mahindi. Jiwe la kwanza lilipita mbele yake. La pili lilimkuta mguu wa kulia, chini ya goti. Mguu wa kulia ndio uliokuwa unakanyaga cherehani.

Aliyembeba ni yule mzee. Lazima niliseme hili, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na mambo yangekuwa mepesi zaidi kama angekuwa mbaya. Alishuka mbio, kandambili moja ikabaki juu, akamweka mama mgongoni, akamfikisha kwenye gari lake, akampeleka hospitali. Damu ilichafua viti naye hakuijali. Alikaa nasi mpaka jioni. Kila aliyefika kutusalimu alimwambia jambo lilelile: "Ajali haina kinga." Methali hiyo sikuwahi kuipenda. Siku ile niliichukia. Kinga ilikuwepo, ilikuwa ukuta wa mawe wa kimo cha mtu, kazi ya siku mbili.

Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili na kifundo kimepondeka. Daktari alisema atatembea, lakini mguu hautakuwa tena ule. Mama alimsikiliza, akauliza kama atarudishiwa zile sare nne. Kesho yake wageni walianza kumiminika, wakaleta uji, wakaleta matunda, wakaleta na maswali.

"Maman, na weye ulikuwa unatafuta nini ku ngazi na hii mvua?"

"Hukuangalia juu?"

Waliuliza kwa upendo, hilo silikatai. Walipotoka mama akanishika mkono.

"Miye si kipofu. Ile majiwe niliiona mbele ya kila mutu. Nilisema mara tatu."

"Najua, maman."

"Weye unajua. Batu habajue. Muende ku tribunal, baandike kama nilisema. Kingine sitaki."

Hakutaka mzee afungwe. Hakutaja hata fidia. Fidia nilimtajia mimi, akanitazama kama niliyebadilisha mazungumzo. Alitaka sentensi moja kwenye karatasi yenye mhuri: kwamba alisema na hakusikilizwa. Mtu akiwa ameishi miaka sitini na kitu mtaani akijulikana kwa akili na macho yake, kuambiwa hakutazama juu ni jeraha la pili. Nikamwahidi. Mchana uleule nilikwenda kwa polisi kufungua malalamiko. Afisa aliandika taratibu, akasema atakuja Jumatatu kufanya constat, yaani kupaona mahali penyewe na kuandika alichokiona. "Musiguse kitu," akaniambia. Nikamjibu, kwa majivuno kidogo, kwamba hiyo ndiyo kazi yangu.

Jumamosi ni siku ya salongo. Asubuhi maduka hayafunguliwi, kila mtu anafagia mbele ya mlango wake na kuzibua mfereji wake. Jumamosi ile shirika liliamua kwamba salongo yote ifanyike kwenye ngazi ya mama, ili akirudi akute njia safi. Mimi nilikuwa nalala kwake, nikilinda nyumba. Nilisikia wimbo wa Bikira Maria ukishuka mlimani, na nilipofungua mlango nikakuta watu zaidi ya ishirini na majembe, ndoo na mabeseni. Mbele yao alisimama mzee wa magodoro, amevua shati, na toroli mbili alizoziazima.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari: acheni mawe, afisa anakuja Jumatatu. Lakini watu walikuwa wamekuja bila kuitwa. Kulikuwa na akina mama wenye umri wa mama yangu, wenye migongo mibovu kuliko wake, na wote waliimba. Mimi, mtu wa ofisi za Muhumba, niwaambie wasiguse, kwa sababu ninamshitaki yule pale anayetoka jasho pamoja nao? Niliona haya. Nilijua sheria na nikaona haya, na haya ikashinda.

Halafu kulikuwa na damu. Ilikuwa kwenye vidato vitatu, imekauka, mvua ya Ijumaa haikuitoa yote, na watu walikuwa wanaikanyaga wakipanda na kushuka. Bibi yangu mzaa mama, mkulima wa Nyantende, alitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba damu ya mtu wenu hamwiachi njiani. Nikachukua ufagio na ndoo ya maji. Nilianza na vile vidato vitatu.

Kufika saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Mawe yaliyomwangukia mama yalikuwa yamepangwa juu ya ngazi kuwa ukuta mzuri, ule ule ulioahidiwa juma baada ya juma. Nikapika chai, nikanunua mikate, tukasali. Nikawapiga picha: mzee katikati, anacheka, ngazi nyuma yake imetakata. Nikaituma kwenye kikundi cha shirika cha WhatsApp na kuandika chini yake: Mungu awalipe kwa upendo wenu. Ndiyo picha pekee niliyoipiga ya mahali pale. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nilijichanganyia sumu na kuikoroga.

Jumatatu afisa alikuja kwa wakati, jambo ambalo nilikuwa nimeombea lisitokee.

"Majiwe iko wapi?"

"Tulitosha," nikasema, yaani tuliyaondoa.

"Nani alitosha?"

"Shirika. Ku salongo."

Alinitazama. "Na weye unafanyaka kazi gani?"

Nikamwambia. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. "Miye ninaandikaka yenye ninaona," akasema. Akaandika alichokiona: njia safi, ukuta upo, hakuna hatari. Wakili wa ofisi yetu, kijana mwenye subira, alipoisoma ripoti ile alitoka akaenda kusimama verandani. Alikaa huko muda mrefu, nami sikumfuata.

Kesi ilisikilizwa miezi kadhaa baadaye. Mama alikuwa anatembea kwa magongo. Wakili wa mzee alikuja na picha yangu, ameichapa kwa rangi, kubwa kama kalenda, na maneno yangu ya shukrani chini yake. Akaipitisha mbele ya jaji bila haraka. Hii hapa ngazi, akasema, na haya hapa maneno ya binti wa mlalamikaji, tazameni anavyoshukuru. Majirani walioitwa walisema mvua ilikuwa kubwa. Hakuna aliyesema uongo; waliulizwa habari ya mvua, wakajibu habari ya mvua. Shefu wa avenue hakufika. Alituma ujumbe kwamba ana msiba kijijini. Mzee alipoulizwa kama aliwahi kuonywa, alijibu kwamba yeye na maman ni majirani, wanaongea mambo mengi.

Kisha jaji akaniita mimi.

"Siku ya salongo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafagia."

Sikugeuka kumtazama mama. Hospitalini nilikuwa nimemwambia kwamba majirani walisafisha. Ufagio ulikuwa mkononi mwa nani, hilo sikulisema. Nilisikia gongo lake likisogea sakafuni. Aliomba aseme neno, jaji akamruhusu, naye akasema akiwa amesimama, ameegemea kiti cha mbele yake.

"Mutoto wangu alifagia sababu ile damu ilikuwa yangu. Mulitaka aiache batu bakanyage?"

Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, na nilimpenda mama yangu kuliko siku nyingine yoyote, na nilitazama viatu vyangu. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna wakili aliyelipanga. Mzee wa magodoro aliinuka, amechukia.

"Hapana, muheshimiwa. Huyu mutoto hakusafisha peke yake. Miye nilitumika kazi kumupita. Ile majiwe yote ni miye nilibeba na hii mikono, toroli kwa toroli. Muulize shirika!"

"Majiwe ilikuwa ku ngazi?" jaji akauliza.

"Ilijaa ku ngazi!"

"Ilitoka wapi?"

Wakili wake alikuwa anamvuta koti. Mzee alibaki anamtazama jaji, akingoja, naamini, ashukuriwe. Alikuwa amefanya kazi nzuri siku ile na mwingine alikuwa anaichukua sifa.

"Ilitoka kwangu," akasema.

Jaji akamgeukia karani, akamwambia aandike.

Hukumu ilitoka baada ya wiki kadhaa, kurasa tano za Kifaransa. Mzee alionekana kuwa na kosa la uzembe: alirundika mawe juu ya njia ya watu bila kuyazuia, na mtu akaumia. Matibabu ya mama yakawa juu yake, na fidia pia. Wakili wetu alinipa mkono mara mbili. Ofisini waliniambia nikiandike kisa hicho kwenye kijitabu kipya, bila majina, kama mfano wa jinsi haki inavyopatikana. Nilikubali. Sikuandika habari ya ufagio.

Nilimpelekea mama ile hukumu siku hiyohiyo. Alinawa mikono kwanza. Mama anasoma Kiswahili cha misa vizuri sana, lakini Kifaransa hakujui. Aligeuza kurasa moja moja, akaupapasa mhuri, akaniuliza:

"Ni wapi baliandika kama nilisema?"

Nilikuwa nimeisoma njia nzima, kutoka mahakamani mpaka Cimpunda, mstari kwa mstari. Hakukuwa na mahali. Shahidi hakuwepo, mzee alikuwa amejibu kwa kuzunguka, na jaji hakulihitaji jambo lile, mawe yalimtosha. Kwa sheria hakuna kasoro. Ningeweza kumweleza hivyo, tena taratibu, kwa mifano. Ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Nilimtazama alivyokaa, mguu ule umenyooshwa juu ya kigoda, cherehani imefunikwa kitambaa nyuma yake.

Nikachukua kidole chake, nikakiweka katikati ya ukurasa wa nne. Mstari ule ulisema kwamba nakala ya hukumu itatolewa kwa pande zote mbili.

"Ni hapa."

"Soma."

"Mama huyu alimwambia mwenye mawe mara tatu, na hakusikilizwa."

Akaniomba nisome tena, nikasoma tena, maneno yaleyale, kwa sauti ileile ninayoitumia parokiani. Akachukua kalamu ya risasi anayochorea vitambaa, akapiga mstari chini yake.

Kuanzia siku hiyo karatasi ile ilikaa kwenye droo ya cherehani, na kila mgeni alionyeshwa. Wengi hawakujua Kifaransa. Waliojua waliutazama mhuri, wakatikisa kichwa, wakarudisha. Nami kila mara nilikuwa na sababu ya kuinuka kutafuta kitu jikoni. Sikuwa najutia uongo wenyewe. Nilichoogopa ni siku mama atakapojua kwamba nimemfagilia ukweli mara ya pili.

Mzee wa magodoro alikuja Jumapili moja baada ya misa. Alileta kuku, akaketi, wakaulizana habari za watoto. Alikuwa amekonda. Mama alimwambia kwamba alimsamehe tangu hospitali, na nilijua ni kweli, kwa sababu mama hasemi maneno ya aina hiyo kwa adabu tu. Kisha akageuka, akafungua droo.

"Lakini papa, weye unajua Kifaransa. Unisomee hapa. Hapa penye nimepiga kalamu."

Nilikuwa mlangoni, nimeshika termosi ya chai. Mzee alivaa miwani. Nilimwona akiusoma mstari, akirudi nyuma, akiusoma mara ya pili na kidole. Kisha akainua macho, na hakumtazama mama, alinitazama mimi. Alikuwa ameaibishwa mbele ya watu kwa sababu ya familia yetu, na sasa nilikuwa mkononi mwake. Mahakamani sikuwahi kuogopa vile.

Akavua miwani. Akaikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake, akamrudishia mama kwa mikono miwili.

"Iko vile, maman," akasema. "Uliniambia mara tatu. Sikukusikia."

Mama aliirudisha karatasi kwenye droo, akaniambia nimletee papa chai.